Barua kwa mjomba anayejiandaa kwenda Bergen

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia tiketi umeshakata, na kwamba wanao wamekupangia kuzungushwa na boti kutazama milima. Milima waachie wao. Mtu aliyeuza ng'onda Tanga maisha yake yote, akifika Norway, aende Bryggen, ile safu ya nyumba za mbao ukingoni mwa bandari ya Bergen. Utajiri wa mji ule ulitokana na samaki mkavu.

Samaki mwenyewe anaitwa torsk. Huvuliwa Lofoten, kaskazini kabisa, miezi ya baridi, kisha hufungwa wawili wawili mkiani na kutundikwa kwenye miti bila punje ya chumvi. Upepo unamaliza kazi. Zamani shehena ikishuka Bergen ilipokelewa na wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, ule umoja wa miji ya biashara, nao wakatoa nafaka, maana kule juu hailimiki. Ofisi yao ilianza mnamo 1360 ikafungwa 1754. Karibu karne nne mvuvi anakopeshwa unga, analipa kwa samaki, deni haliishi. Mchezo huo unaujua, sina la kukufundisha.

Wajerumani hao hawakuruhusiwa kuoa. Waliishi wanaume watupu, na moto ndani ya nyumba zile za mbao ulikuwa marufuku hata wakati wa baridi. Kupika na kuota moto walikwenda kwenye majengo ya pembeni, Schøtstuene. Utayakuta karibu na kanisa la Mariakirken. Pamoja na tahadhari zote hizo, Bryggen iliteketea 1702, ikajengwa upya kwa mpangilio uleule wa zamani. Sehemu ikaungua tena 1955, na hapo wachimbaji wa mambo ya kale wakapata maandishi ya runi, yaani herufi za zamani za watu wa kule, zaidi ya 600, mengi yamechongwa kwenye vijiti. Kimoja kinanichekesha kila nikikikumbuka: "Gyda anasema urudi nyumbani." Kando yake kuna mikwaruzo ya mtu kama aliyejaribu kujibu, lakini haisomeki. Mimi nasema alikuwa amelewa.

Usiishie kupiga picha kwa mbele kama wanavyofanya wanaoshuka melini. Ingia vichochoroni, uone jinsi kuta zilivyoinama na ghorofa za juu zinavyokaribia kugusana. Mwavuli acha nyumbani, upepo utauvunja; chukua koti zito la mvua, kwa sababu Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Soko la samaki, Fisketorget, tembelea kwa macho tu, bei zake ni za watalii.

Ukibahatika kumpata muuza samaki mkavu mwenye muda, muulize habari za vrakere. Hao ndio wapangaji wa madaraja: wanamgeuza samaki mmoja mmoja, wanambonyeza, wanamnusa, kisha wanamtia kwenye daraja lake, na madaraja yapo kama 20. Wewe Tanga ulikuwa na matatu, na wateja walikuwa wakilalamika. Hapo mtabishana hadi jioni.