Zuhura, nenda Kew ukaniangalizie

Isevya, Tabora
16 Novemba

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo nyote, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko bado haijakukamata magoti. Sisi wazima. Mvua za kwanza zimenyesha, maembe yameanza kuiva, na Asha wa Kigoma kajifungua mtoto wa kiume, kampa jina la marehemu Mwalimu Kondo. Nililia nilipoambiwa, nawe najua utalia. Mengine nitakueleza nikipata nafasi, maana leo nimekaa kukuandikia kwa jambo moja, na nisipolisema sasa hivi nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe.

Nataka uende Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza, ukanitafutie Babu Athumani.

Unaijua hadithi yake, umeisikia nyumbani kwetu tangu tunasoma. Kaka yake Bibi, mtoto wa kwanza wa kiume, alikwenda keya, lile jeshi la King’s African Rifles (KAR), wakati wa vita vya Hitla, meli ikazama baharini, asirudi. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa upimaji wa viwanja umefika Cheyo, na lile shamba la wazee ambalo halijawahi kugawanywa tangu enzi hizo lazima liandikwe majina. Kikao kikaitwa. Wakaja wote, hata wa Nzega ambao msibani hatuwaoni. Sheikh akauliza swali moja tu: Athumani kafa lini, kabla ya baba yake au baada? Kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu, Zuhura, na jibu hilo ndilo linaloamua kila kitu. Kama alitangulia yeye, bintiye hana fungu kwa babu. Kama baba ndiye aliyetangulia, basi Athumani alirithi, na bintiye ana haki katika fungu lake, na leo haki hiyo ni ya warithi wa binti huyo, Mama Tatu na wadogo zake.

Kifo cha baba yao tunakijua. Kimeandikwa nyuma ya msahafu kwa wino mweusi: Ramadhani ya mwaka 1363 wa Hijra. Nimepiga hesabu na Kaka Rashidi akahakikisha, mwezi huo uliangukia Agosti na Septemba ya 1944. Kilichobaki ni tarehe ya mtoto.

Baada ya kikao Bibi akaniita chumbani, akaniagiza nifungue sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kaniki, akatoa picha. Maisha yangu yote nimelala kwenye nyumba ile na sikuwahi kuiona. Babu Athumani amesimama, kofia pana imekunjwa upande mmoja, kaptura, soksi ndefu, begani ana kibandiko chenye kichwa cha kifaru. Kijana mzuri, jamani. Ana paji la uso la Mama Tatu kabisa. Nyuma ameandika kwa mkono wake: “Seloni, Aprili 1944. Mimi mzima.” Seloni ndiyo Sri Lanka ya leo.

Nilipoisoma tarehe ile mwili ulinisisimka. Meli ambayo wazee wanaisema naijua, nimeshasoma habari zake. Ni Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na maaskari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, pamoja na wauguzi wanawake na mabaharia. Nyambizi ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300. Lakini hiyo ni Februari! Mtu aliyezama Februari hawezi kupiga picha Seloni mwezi wa Aprili akaandika kuwa ni mzima. Miaka themanini tumekuwa tukimlilia baharini mtu aliyefika nchi kavu.

Na kile kichwa cha kifaru nacho kinasema. Ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo kweli ilikaa Seloni ikifanya mazoezi, kisha katikati ya 1944 ikapelekwa Burma. Walipitia upande wa Imphal na Tamu, wakateremka bonde la Kabaw wakiwafuata Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma. Mvua ya masika ya kule haina mfano wa huku. Barabara ziligeuka tope, magari yakakwama, chakula wakawa wanatupiwa na ndege, na malaria na homa ya tifasi zikawaangusha watu pamoja na risasi. Mapema Desemba waliingia Kalewa kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la chuma la zaidi ya futi 1,000 ili jeshi lote livuke.

Unaona linavyobana? Wanaingia bonde la Kabaw Agosti na Septemba. Baba yake anafariki Tabora Agosti au Septemba. Huenda walipishana kwa wiki, huenda kwa siku. Ndiyo maana sihitaji mtu wa kuniambia “alikufa Burma”. Nahitaji siku yenyewe.

Lakini Zuhura, nikuambie ukweli wa moyo wangu, mimi shamba si lililoninyima usingizi. Mama Tatu akipata, nitafurahi. Asipopata, tutampa cha kwetu, hatutamwacha. Kilichonishika ni alichonisimulia Bibi akiwa ameishika picha ile. Anasema wakati fulani, yeye akiwa mdogo, alikuja karani wa boma na karatasi na bahasha ya fedha. Mama yao akamkaribisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema fedha ya mtu aliye hai haipokelewi. Karani akabembeleza, majirani wakaitwa, mama yule hakugusa bahasha. Na kwa sababu hakupokea, hitima haikusomwa. Mpaka leo haijasomwa. Bibi anaomba jambo moja tu kabla hajafumba macho, kaka yake asomewe, tena kwa siku yake.

Kwa hiyo boma walikuwa na karatasi! Hilo silitoi kichwani. Karani hakuja na fedha bila maandishi. Lazima liliandikwa jina, namba ya askari, kijiji, jumbe wake, na siku. Mirathi za maaskari zilikuwa zinapitia kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, na mafaili ya Jimbo la Magharibi hayakuchomwa yote. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya Serikali kuomba niyaone, nikiwa na barua ya mtendaji na nakala ya picha. Kijana wa mapokezi akaniambia nilete kwanza cheti cha kifo cha huyo mzee. Nikamweleza kwamba cheti hicho ndicho ninachokitafuta. Akarudia vilevile. Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Nitarudi, na safari hii nitakwenda na Kaka Rashidi, yeye anaujua mlango wa kuingilia, maana sikubali…

Basi. Nirudi kwa Athumani.

Hawa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola wana orodha yao kwenye intaneti, kila mtu anaweza kutafuta. Nimekesha nayo. Tatizo ni majina. Babu wetu ni Athumani bin Ramadhani, lakini karani aliyemwandika alisikia kwa sikio lake, si letu. Nimejaribu Athumani, Asumani, Athman, Osmani, Othman. Na baba nimejaribu Ramadhani, Ramazani, Ramathan. Wengine wameandikwa jina moja tupu na namba, hana baba, hana kwao. Wengine Alhamdulillah wameandikwa mwana wa fulani, wa wilaya fulani. Wa kwetu sijamwona. Wale ambao makaburi yao hayajulikani majina yao yapo kwenye mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon huko Burma, majina kama 27,000, mengi ya Wahindi, na ya kwetu yamo. Naendelea nalo polepole, ila mtandao wa huku unakatika katika.

Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi, hasa wa vita vya kwanza, hawakuwekewa hata jina. Walisema si chini ya watu 116,000. Ukifikiri watu wangapi wanapita Kariakoo kila siku, mahali palipobeba jina la wapagazi hao hao, na mpagazi mmoja humjui kwa jina… Nakumbuka tulivyokuwa tukikutana pale kwenye sanamu ya Askari, wewe ukitoka Upanga. Tangu 1927 imeandikwa pale kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Watalikumbuka vipi kama halikuandikwa? Hata Lugalo alikokuwa kaka yako, zamani iliitwa Colito, kwa ajili ya mapigano ya kule Ethiopia mwaka 1941 ambako batalioni ya 6 ya Tanganyika ilipigana. Sajini wao Mzungu, Nigel Leakey, alipewa Nishani ya Victoria, siku aliyokufa inajulikana, alichofanya kinajulikana hatua kwa hatua. Simwonei wivu, alikuwa shujaa. Nataka na Athumani ajulikane siku yake, basi.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Mafaili ya askari mmoja mmoja hayako Uingereza, yalibaki huku kwetu, na makao makuu yao yalikuwa Nairobi. Kule nako nimesoma kwamba zimepatikana karatasi za keya zilizodhaniwa zimepotea, kwenye hifadhi ya jeshi la Kenya, na majina zaidi ya 3,000 ya Wakenya yametoka humo. Nimeshamwandikia shemeji wa Asha aliyeko Nairobi. Lakini kilichoko Kew ni shajara za vita, yaani kila batalioni iliandika siku kwa siku imelala wapi, imepigana na nani, wangapi wameumia. Za Burma zimo kwenye kundi linaloitwa WO 172. Katika Divisheni ya 11 batalioni za Tanganyika zilikuwa mbili, 26 KAR na 36 KAR. Sijui babu alikuwa ipi, kwa hiyo niangalizie zote mbili, kuanzia Julai mpaka Desemba 1944.

Najua humo ofisa Mzungu hutajwa kwa jina na maaskari huhesabiwa tu, wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Usikate tamaa ukiona hivyo. Angalia karatasi za nyongeza zilizobandikwa nyuma ya kila mwezi, wakati mwingine orodha za majeruhi huwekwa huko. Na hata kama jina halimo, nipigie picha kila ukurasa wa Agosti na Septemba. Nikijua siku ambazo batalioni ilipoteza watu, nitazilinganisha na orodha ya Tume, nitaona akina Athumani waliokufa siku hizo, nitamfikia.

Kuingia ni bure. Utatengenezewa kadi ya msomaji, nenda na pasipoti na kitu kinachoonyesha anwani yako. Agiza mafaili kwenye mtandao kabla hujaenda ili uyakute mezani. Kalamu ya wino hawaruhusu, ni penseli, ila picha kwa simu unapiga bila malipo. Stesheni ni Kew Gardens, kwa treni ile ile unayosema inakuchelewesha kazini.

Bibi nimemwambia nakuandikia wewe. Akauliza, “Yule aliyekuwa anamaliza maandazi yangu?” Nikamwambia huyo huyo. Akacheka, akasema mwambie aende na udhu.

Zuhura, una nafasi lini? Mwezi huu utaweza, au nisubiri likizo ya watoto? Nauli ya treni ni kiasi gani, nikutumie kupitia kwa mjomba wako? Je, mama yako mkubwa wa Urambo bado ana ile picha ya mumewe akiwa na kofia ya keya? Alikuwa batalioni ya ngapi, na aliwahi kumtaja mtu wa Cheyo? Waliondoka Tabora kwa treni moja na vijana wengi, huenda walikuwa pamoja. Muulize taratibu, usimshtue. Na wewe mwenyewe mguu unaendeleaje? Ile kazi ya usiku umeiacha? Halima ameshaanza kusoma juzuu? Na kwa nini hukunijibu barua ya Rajabu, umenikasirikia au ni shughuli tu?

Nijibu mapema. Picha ya Babu nimeipiga pande zote mbili nakuwekea humu, uende nayo Kew, labda utakutana na mtu anayezijua alama hizi kuliko mimi. Ukipata hata ukurasa mmoja nipigie simu usiku huo huo, saa yoyote, nitamwamsha Bibi.

Msalimie shemeji na wanao.

Rafiki yako,
Mwajuma