Kizuri Hakijiuzi: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu wa chama cha watoa huduma za utalii Dar es Salaam,

Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika kipindi hiki, na mkutano mkuu utaanza kwa kuwakumbuka kwa majina yao. Kwa kawaida taarifa hii huwa ni orodha ya vikao, semina na barua tulizoandika. Safari hii hayo nimeyaweka mwishoni, tena kwa ufupi, kwa sababu katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo kamati haikutaka lipite hivi hivi: inakuwaje nchi yenye Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar ipitwe na jirani yake Kenya kwa idadi ya wageni?

Swali liliulizwa kwa uchungu na wengi mlipiga makofi. Majibu ya papo kwa papo yalikuwa kwamba serikali haitangazi vya kutosha, na kwamba Wakenya wanauza mlima wetu kana kwamba ni wao. Mimi naamini sababu iko kwingine, na nikiieleza mtaona kwamba inatugusa sisi wa Dar es Salaam kuliko inavyowagusa wenzetu wa Arusha.

Kwanza hesabu zenyewe. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa 2,141,895, idadi ambayo hatukuwa tumewahi kuifikia kabla ya hapo. Mwaka 2019, kabla ya Uviko, walikuwa 1,527,230. Kenya mwaka huo wa 2024 ilipata takriban milioni 2.4. Pengo lipo, lakini ni jembamba kuliko tunavyolisimulia vijiweni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika biashara hii methali hiyo imetudanganya. Nyumbu wa Serengeti ndio hao hao wa Masai Mara, na Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763 inaimeza Mara karibu mara kumi. Kama uzuri ungekuwa unajiuza, mjadala ungekwisha hapo. Kumbe mgeni wa Frankfurt au Chicago hachagui hifadhi kwa kulinganisha ukubwa. Anaanza na tiketi ya ndege, viza, wakala anayemwamini, na jina alilolisikia tangu utotoni. Hayo yote hutengenezwa na watu, na huchukua miaka mingi.

Nairobi ilianza mapema. Reli ilifika pale mwaka 1899, na Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909 aliteremkia Mombasa akapanda treni. Hata baada ya uhuru, makao makuu ya East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, yalikuwa Nairobi, na mgeni wa Ngorongoro alikuwa akishukia huko, anazungushwa kaskazini mwa Tanzania, kisha anarudi huko huko kupanda ndege. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Wanyama walibaki, hoteli zilibaki, lakini mlango wa kuwafikia ukawa umefungwa. Uwanja wa Kilimanjaro ulikuwepo tangu 1971, ila haukuweza kujaza nafasi ya Nairobi kwa usiku mmoja. Wageni wakabaki upande wa pili: Mara, Amboseli, na fukwe za Mombasa ambako ndege za kukodi kutoka Ulaya zilikuwa zinawashusha.

Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Nawaomba wanachama vijana mlitafakari hilo. Miaka sita ni mingi mno kwa wakala. Keshachapa vijitabu vyake, keshawajua madereva, kesharidhika na bei, na wateja wake waliorudi salama wameshawaambia ndugu zao waende wapi. Wakala wa namna hiyo humbadilishi kwa tangazo la televisheni. Unambadilisha kwa kumpa ndege, bei na mtu wa kupokea simu, msimu baada ya msimu.

Jeraha lile halijapona lote. Njia ya Sand River kuingia Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, haijarudi kwa watalii tangu wakati ule. Nyumbu wanavuka kila mwaka. Mgeni anazungushwa hadi Isebania na Sirari. Magari ya watalii yanabadilishana abiria mpakani. Mwishoni mwa 2014 wenzetu wa Arusha walizuiwa hata kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Nairobi, na ulikuwa mvutano mkubwa. Kila upande ulidhani unalinda ajira zake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikuwa zinamchosha mgeni yule yule.

Tazameni sokwe wa milimani (gorila) mjionee hoja hii waziwazi. Takriban nusu ya sokwe hao duniani wako Bwindi, Uganda. Rwanda nayo inao, kwenye milima ya Virunga. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona kutoka dola 750 hadi 1,500. Uganda sasa hivi inatoza dola 800 kwa sokwe wa aina ile ile. Mtu angetarajia Kigali ife njaa, lakini haikufa. Kutoka Kigali hadi hifadhini ni safari ya saa mbili na kitu kwa lami, wakati Kampala hadi Bwindi ni siku nzima ya kukaa garini. Tangu Januari 2018 Rwanda inatoa viza uwanjani kwa raia wa nchi zote, na mwaka huo huo jina lake liliingia kwenye jezi za Arsenal. Tena wapo wageni wengi wanaoshuka Kigali, wanavuka mpaka kwenda kumwona sokwe wa Uganda kwa bei nafuu, halafu wanarudi kulala Rwanda. Haya yamefanywa na nchi ambayo mwaka 1994 jina lake lilikuwa ni kilio duniani kote. Hakuna aliyezaliwa na sifa ya utulivu. Rwanda iliijenga kwa makusudi.

Kaskazini mwa Afrika ni hivyo hivyo. Moroko ilipokea wageni milioni 17.4 mwaka 2024 na kuipita hata Misri, iliyopata milioni 15.7. Jirani yake Algeria ina Sahara kubwa zaidi, magofu ya Kirumi ya Timgad na Djémila, na pwani ndefu ya Mediterania, lakini viza yake imekuwa ngumu kwa miaka mingi na idadi ya wageni wake haikaribii hata nusu ya Moroko. Moroko ilisaini mkataba wa anga huria na Umoja wa Ulaya mwaka 2006, mashirika ya bei nafuu yakaingia, na Marrakech ikawa safari ya wikiendi kwa mtu wa Madrid au Paris.

Msinielewe kwamba ndege peke yake inatosha. Ethiopian ndilo shirika la ndege kubwa kuliko yote Afrika, linapitisha mamilioni ya abiria Addis Ababa, na wengi wao hawatoki nje ya uwanja. Vita vya Tigray kati ya 2020 na 2022 vilifika hadi Lalibela, na mgeni haendi kwenye makanisa ya miamba huku anasikia habari za mizinga. Zimbabwe ilipoyumba baada ya 2000, watu waliendelea kuyatazama maporomoko ya Victoria, ila wengi walihamia kulala Livingstone, upande wa Zambia. Kenya yenyewe ilipoteza wageni baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Amani ikitetereka, viza rahisi na bei nzuri havina kazi.

Sasa niseme jambo ambalo mkutano uliopita halikutajwa kabisa. Kuhesabu vichwa hakutoshi. Benki Kuu imeripoti kwamba utalii uliiingizia Tanzania takriban dola bilioni 3.9 mwaka 2024. Kenya ilitangaza shilingi zao bilioni 452, ambazo kwa kiwango cha wakati huo ni kama dola bilioni 3.5. Aliyepata wageni wachache ndiye aliyepata fedha nyingi zaidi. Mgeni wetu anapanda mlima siku sita au nane, anakwenda Serengeti, anamalizia Zanzibar, na kila usiku analipia. Na katika wageni wa Kenya, Watanzania ni kundi la tatu kwa ukubwa baada ya Wamarekani na Waganda. Wengi wao, mnawajua, ni wafanyabiashara na watu wanaotembelea ndugu. Kwa hiyo anayetaka tuipite Kenya kwa vichwa na atuambie anataka vichwa vya aina gani.

Hii haina maana kwamba milango yetu iko sawa. Kenya tangu Januari 2024 imeondoa viza na kuweka kibali cha mtandaoni kilichoanza kwa dola 30. Sisi tunatoza dola 50, na Mmarekani dola 100. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya pamoja ya dola 100 tangu 2014, na sisi hatumo. Najua hofu iliyopo, kwamba tukiingia Nairobi itaanza safari zote na sisi tutabaki kituo cha kati. Hofu hiyo ilikuwa na msingi miaka ya 1980. Leo mgeni anashuka moja kwa moja Zanzibar, Kilimanjaro na Dar es Salaam, na tungeweza kuwa sisi tunaoanzisha safari. VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, iliyoanza Julai 2016, nayo inaendelea kutupandishia bei mbele ya wakala. Na Desemba 2024 Ulaya iliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yake. Hilo linatuumiza sote, kwa sababu wakala wa Ulaya akiona orodha ile anasita kumuuzia mteja hata safari ya ndani.

Ndugu zangu, yote niliyoyasema kuhusu nchi na jirani yake yanatokea pia ndani ya nchi hii, kati ya Dar es Salaam na kwingineko. Mgeni anashuka jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019, na kesho yake asubuhi yuko kwenye boti ya Zanzibar au ndege ya Arusha. Usiku mmoja. Wapo wasiolala kabisa. Tunacho cha kuwauzia: Bagamoyo na magofu ya Kaole, Bongoyo na Mbudya, Makumbusho ya Taifa, Kariakoo, soko la samaki la Feri alfajiri. Kusini kuna Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na ambako UNESCO imepatambua tangu 1981. Kuna Hifadhi ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha mgeni Morogoro kwa takriban saa mbili, na Mikumi inafuata kwenye barabara ya Iringa. Foleni ya Kibaha, iliyokuwa inatumalizia asubuhi nzima ya mgeni, haina tena nguvu juu yetu.

Lakini nani anauza safari ya treni na Mikumi kama kitu kimoja, kwa bei moja, kwa namba moja ya simu? Wanachama wachache sana. Wengi bado tunamsubiri mgeni mlangoni mwa hoteli. Ninaomba mkutano mkuu uidhinishe chama kuandaa safari tatu za pamoja: ya siku moja mjini na visiwani, ya siku mbili Bagamoyo, na ya siku tatu Morogoro na Mikumi kwa treni, zenye bei inayojulikana na dereva anayesubiri stesheni. Wanachama watagawana wageni kwa zamu. Kamati imeshaandaa rasimu.

Mengine kwa ufupi. Semina ya huduma ya kwanza kwa waongoza watalii ilifanyika na ilihudhuriwa vizuri. Barua yetu kuhusu mfumo wa malipo unaokwama kwenye geti la hifadhi moja, wageni wakiwa juani, imejibiwa kwa maneno ila bado hatujaona mabadiliko; tutaifuatilia. Wasio na leseni hai ya biashara ya utalii, yaani TALA, hawatapangiwa wageni wa chama, na hili halitajadiliwa upya. Kinamama wanaoongoza watalii wameongezeka mwaka huu na wameomba mwakilishi kwenye kamati, naunga mkono.

Taarifa ya fedha itasomwa na mweka hazina. Ada ya mwaka ilipwe kabla ya siku ya mkutano, kwani ambaye hajalipa hatapiga kura. Rasimu ya safari tatu iko ofisini kwa katibu. Isomeni mapema, na mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi.