Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Arusha: mwanangu si mvivu

Ndugu Afisa Elimu,

Nauza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Jumamosi mwanangu wa darasa la tatu huja kunisaidia. Mteja akichukua mikungu miwili na kichane, akatoa noti ya elfu kumi, mtoto ameshataja chenji kabla sijafungua pochi. Lakini mpe hesabu hiyohiyo kwenye karatasi, kwa maneno, atakaa nayo mpaka kengele igongwe. b imegeuka d, mstari umempotea, na neno kama "wameng'ang'ania" akilikamata kichwa, mkia umeshamponyoka.

Shuleni niliambiwa ni mvivu. Amechapwa, amesimamishwa mbele asome huku wenzake wakimcheka, na sasa kila Jumatatu tumbo linamuuma. Na mimi nimemchapa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Binti wa jirani anayesomea ualimu ndiye aliyenitajia neno disleksia. Si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Ni ubongo kupata shida kuunganisha herufi na sauti yake. Wala si jambo la juzi. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angewashinda wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Niliposimuliwa hayo nilimwona mwanangu akihesabu chenji.

Kiswahili chetu husomwa kilivyoandikwa, kwa hiyo watoto hawa mwishowe huzimudu silabi, mwalimu akaweka vema kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tatizo linajificha kwenye mwendo: akifika mwisho wa sentensi, mwanzo ameshausahau. Kisha sekondari anafundishwa kwa Kiingereza, ambacho herufi zake hazitamkwi zilivyoandikwa, na hapo ndipo wengi huanguka. Naomba basi anayempima mtoto asiulize tu kama anajua kusoma. Aangalie anasoma kwa kasi gani na ameelewa nini.

Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kipo hapahapa Tengeru. Utaalamu tunao mlangoni. Naomba ofisi yako iwakutanishe walimu hao na wenzao wa darasa la kwanza na la pili wa shule za kawaida, na mtoto anayekwama apimwe kabla hajaitwa mzito. Vivyo hivyo kwa yule asiyeweza kutulia kitini, anayeitwa mtukutu.

Mwakani mwanangu ana mtihani wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama wasioona: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwenye masomo mengine. Wenye disleksia nao watambuliwe mapema ili waombewe muda huo.

Mengine hayahitaji bajeti. Mwalimu amsomee swali la hesabu kwa sauti. Asimwite kusoma mbele ya darasa bila kumwandaa. Amwache ajibu kwa mdomo.

Jumamosi nipo sokoni, upande wa ndizi, tangu asubuhi. Pita, Ndugu Afisa. Mwulize mwanangu bei ya mikungu mitatu, kisha mpe gazeti akusomee.

Mama muuza ndizi,
Tengeru