Kura za 1963 zifundishwe darasani

Ndugu Mhariri,

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Zanzibar hurudi maneno yale yale: nani Mwarabu, nani Mwafrika, nani Mshirazi, babu wa nani alishuka bandarini lini. Wanaoyasema hudhani wanasimulia historia ya zama za siasa, yaani miaka ya chaguzi kabla ya mapinduzi. Nawaomba wasome kwanza kitabu cha Michael Lofchie, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, kilichotoka 1965 kuhusu chimbuko la mapinduzi yetu.

Lofchie alifuatilia jinsi kila uchaguzi chini ya Waingereza ulivyozidi kuwatia watu hofu ya kutawaliwa na wenzao. Chaguzi nne ndani ya miaka sita! Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu, na Baraza la Kutunga Sheria likagawika nusu kwa nusu. Juni uchaguzi ukarudiwa, ghasia zikaua watu 68. Watu walikuwa wameshaanza kususiana maduka, hata maziko. Julai 1963 Afro-Shirazi Party (ASP), chama kilichojinadi kuwa cha Waafrika, ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Serikali wakaunda wapinzani wake, Zanzibar Nationalist Party (ZNP), kilichohusishwa na Waarabu, na mshirika wake Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP). Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, kwingine ikashindwa kwa tofauti ndogo, na kura za aliyeshindwa jimboni hazikumpa kiti chochote. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba. Mapinduzi, 12 Januari 1964.

Na rangi peke yake haikutosha kueleza kura hizo, hata kwa maelezo ya Lofchie mwenyewe. Pemba Washirazi wengi walimiliki mikarafuu bega kwa bega na Waarabu, wakaoana nao, na kura zao nyingi hazikwenda ASP. Basi hao wanaopima damu za watu leo wanapima kitu gani?

Kura ya maoni ya Julai 2010, iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo mshindi hugawana madaraka na aliyeshindwa, ilipita kwa asilimia 66. Kwangu mimi lile ndilo jibu la kweli la swali la 1963, ingawa limechelewa karibu miaka hamsini. Lakini wanafunzi wangu wanaijua tarehe ya mapinduzi, matokeo ya kura hawajapata kuyaona.

Wizara ya Elimu iyaingize kwenye mtaala. Nawe Mhariri, nakuomba uyachapishe ya chaguzi zote nne, jimbo kwa jimbo, kabla ya kampeni zijazo.

Mwalimu wa historia,
Chake Chake, Pemba