Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya: Kaskazini Mashariki, Enzi ya Hali ya Hatari na Sasa

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Nakuandikia wewe, wala si makamanda au wanasiasa, kwa sababu ninayoyaomba ni kazi ya sheria. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma zilizotendwa na serikali tangu uhuru, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafariji waathiriwa. Familia za Wajir, Garissa na Mandera zingali zinausubiri.

Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo letu tarehe 25 Desemba 1963, hata majuma mawili hayajatimia tangu bendera ya uhuru ipandishwe. Vita vya shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vilitulia baada ya maafikiano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia ya Oktoba 1967, lakini hali ya hatari haikuondoka navyo. Ilidumu hadi 1991, ikimaanisha kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru alifikia utu uzima, akaoa na kuzaa, bila kuishi hata siku moja chini ya sheria zilizomlinda Mkenya wa Nyeri au Kisumu. Kanuni za 1966 ziliwapa wanajeshi, polisi na watawala wa wilaya mamlaka ya kukamata, kupekua na kuzuilia watu kwa namna ambayo kwingineko ingehitaji idhini ya mahakama. Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni hizo ziliondoa sharti la hakimu kuchunguza kifo cha mtu aliyefia mikononi mwa vyombo vya usalama. Mtu akiuawa na serikali, serikali haikulazimika hata kuuliza amekufaje. Kisha ikaja Sheria ya Kinga ya 1970, iliyowakinga maafisa dhidi ya kushtakiwa kwa matendo yao ya miaka ya vita.

Mambo ya Wagalla yalizaliwa na sheria hizo. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wakapigwa na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliona kwamba huenda walikaribia 1,000. Tofauti hiyo kubwa ya hesabu ndiyo matunda ya kanuni iliyofuta uchunguzi wa vifo.

Sitasema kwamba hakuna kilichobadilika, kwa kuwa huo utakuwa uongo. Ibara ya 58 ya Katiba ya 2010 inaiwekea hali ya hatari ukomo wa siku 14 isipokuwa Bunge liiongeze, inaipa Mahakama ya Juu uwezo wa kuamua uhalali wake, na inakataza kumkinga ofisa yeyote aliyevunja sheria. Ibara ya 49 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada ambao vijana wetu walipitishwa walipoomba vitambulisho, nasi tuliipokea hatua hiyo kwa shukrani.

Hata hivyo, Mheshimiwa, Aprili 2014 Wasomali walijazwa katika uwanja wa Kasarani kwa msako ambao wazee wetu waliutambua mara moja. Mwaka 2015, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha visa 81 vya watu waliopotezwa katika operesheni za kupambana na ugaidi, na baada ya maandamano ya Juni 2024 ikahesabu visa 82 vya utekaji nyara hadi Desemba, safari hii vikiwahusu vijana wa nchi nzima. Zamani ofisa alikuwa na kanuni iliyochapishwa ya kumruhusu. Leo Katiba inamkataza waziwazi, na bado watu wanachukuliwa na wanaume wasiovaa sare, katika magari yasiyojulikana, kisha kila kituo cha polisi kinakana kuwa nao.

Ninaomba kanuni za kuusimamia mfuko wa 2015 zikamilishwe na kupelekwa Bungeni, na fedha ziwafikie waathiriwa wakiwa hai, maana wajane wa Wagalla sasa ni vikongwe. Agosti 2025 serikali ilitangaza utaratibu wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano. Ni haki yao, lakini si haki wa 1984 warukwe. Sheria ya Huduma ya Uchunguzi wa Vifo ilipitishwa 2017, na huduma yenyewe inapaswa kusimama, ili kila kifo kilicho mikononi mwa serikali kichunguzwe na mtu asiye polisi. Aidha, Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kupotezwa kwa watu mwaka 2007. Tafadhali lishauri Baraza la Mawaziri liuridhie.

Naomba jibu lako nalo liwe la wazi, likitaja tarehe ambayo kanuni za mfuko huo wa 2015 zitafika Bungeni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Wajir