Moshi mweupe na moshi mweusi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza upi mbaya zaidi, moshi mweupe au mweusi, na swali hilo halijanitoka kichwani. Kwanza nakuomba usiutazame mti peke yake. Gogo lilelile laweza kutoa moshi wa aina mbili zisizofanana hata kidogo, inategemea linavyowaka.

Kuni kavu zikipata hewa huwaka kwa ndimi za moto. Ule umanjano unaouona ni chembe za masizi zenyewe, zinang'aa kwa joto. Zikiungua zote humo motoni, moshi huwa haba. Ndimi zikipoa mapema au zikikosa hewa, masizi huponyoka, na huo ndio moshi mweusi. Kwa hadubini kali utaona vitufe vya makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) vilivyoshikana kama shanga. Weusi wa masizi hayo hufyonza mwanga wa jua na kupasha hewa joto, na yakitua juu ya theluji huiyeyusha upesi.

Kuni mbichi ni habari nyingine. Joto huishia kukausha maji, moto unafukuta, na mvuke wa lami ya mti unapanda bila kuungua, kisha unapoa na kuwa matone madogo mno. Huo ndio moshi mweupe mzito. Chembe zake nyingi huurudisha mwanga angani, hivyo hupoza kidogo, na hapo ndipo watu hudhani hauna neno. La hasha! Baadhi ni za kahawia na hufyonza mwanga wa urujuani, ingawa jua huzichujua kadiri zinavyokaa hewani. Tena mfukuto hutoa kwa wingi methani, gesi inayopasha dunia joto, na monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu.

Masizi hukaa hewani siku kadhaa hadi wiki chache tu, ilhali kabonidayoksaidi nyingi hudumu karne na karne. Kwa hiyo tukiyapunguza leo, nafuu yake haichelewi.

Kwa mapafu, rafiki yangu, hakuna rangi ya kuchagua. Moshi wote huo umejaa chembe zisizofika mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nazo hupenya hadi ndani kabisa. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayechochea moto ndiye anayezivuta kwanza.

Basi zipasue kuni zako mapema, uzipange mahali penye upepo, mvua isizifikie, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Na usiku usizibe tundu la hewa la jiko ili moto ukeshe. Hapo ndipo unapofukuta. Pasua ukuni mmoja leo, ushike upande wa ndani, kisha uniandikie kama bado una ubichi.

Wako,
Rehema