Somo, karani wa mizani usimguse kwanza

Somo yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na mama watoto, na Bibi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na simu zako tatu sikuzipokea. Tulikuwa na mitihani, usahihishaji ukanila usiku na mchana. Nikija nitaeleza yote.

Juzi Mama Mkubwa kanipigia kunipa habari ya uchaguzi wa chama chenu cha msingi cha ushirika wa korosho. Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kubisha hodi. Mwenyekiti! Miaka yote ile umesimama mikutanoni kudai salfa ije kabla mikorosho haijachanua, leo ofisi ni yako. Hongera sana, umestahili.

Kisha akaniambia la pili, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Eti umetangaza kwamba kila aliyefanya kazi na wale jamaa wa uongozi uliopita atatoka, kuanzia mlinzi wa ghala hadi karani wa mizani. Karani yupi? Yule mzee wa daftari la jalada jekundu? Somo, subiri kwanza. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo.

Tangu likizo nasoma habari za Wamongolia. Upande wa farasi na mishale sote tunaujua. Mwaka 1206, kando ya Mto Onon, Temujin akasimikwa kuwa Genghis Khan, akazichanganya koo na kupanga jeshi kwa makumi, mamia, maelfu, ili askari amtii kamanda wake na si mjomba wake. Mwaka 1211 wakaivamia dola ya Jin, kaskazini mwa China. Miji ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Lakini kilichonikalisha macho ni kilichotokea baada ya ushindi, pale walipoanza kuulizana: sasa watu hawa wote tuwafanyeje?

Wapo wakubwa waliomwambia Ögedei, mwana wa Genghis aliyerithi kiti, kwamba wakulima wa Kichina hawana faida yoyote. Waondolewe, nchi iote majani, farasi wale. Walisema hayo kwa dhati kabisa! Mtu anatazama mashamba yaliyolimwa vizazi na vizazi, anaona malisho.

Aliyesimama kuwapinga alikuwa karani. Anaitwa Yelü Chucai, mtu wa Wakhitan, kabila lililotawala huko kabla ya Wajin, na kabla ya hapo aliitumikia dola ya Jin yenyewe, maadui wakubwa wa Wamongolia. Genghis alimwita mwaka 1218, akamwambia: ukoo wako na Wajin ni maadui wa tangu zamani, mimi nimekulipia kisasi. Unajua alijibu nini? Kwamba baba yake na babu yake walikula mkate wa Wajin, naye pia, hivyo hawezi kujigeuza adui wa bwana wake. Akayasema hayo mbele ya Genghis Khan. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Na Genghis hakukasirika. Alimweka karibu naye, akawa anamwita Ndevu Ndefu.

Sasa nisikilize. Mama Mkubwa anasema ulimuuliza karani wetu mbele ya watu kama wale jamaa walikuwa wezi, naye akajibu kwamba amefanya nao kazi na hatawatukana. Wewe ukahesabu kuwa ni mtu wao. Mimi nimesikia jibu lile lile la Ndevu Ndefu.

Turudi kwa Ögedei. Chucai akampigia hesabu: tukiweka kodi ya ardhi, ya biashara, ya chumvi, pombe na chuma, kila mwaka utapata fedha liang 500,000 (liang ni kipimo chao cha uzito), majora ya hariri 80,000 na nafaka shi 400,000 (shi ni kipimo chao cha nafaka). Khan akamwambia jaribu. Mwaka 1230 akafungua ofisi za kodi katika mikoa 10, na waliowekwa humo ni wasomi wa kule kule kwa walioshindwa. Mwaka uliofuata fedha na hariri zikapangwa mbele ya Khan, na madaftari ya maghala yakiwa wazi. Khan akashangaa mtu asiyebanduka ubavuni pake amewezaje kuyaleta yote hayo, na siku hiyo hiyo akamkabidhi mhuri wa ofisi kuu.

Hata walipouteka mji wa Kaifeng mwaka 1233, kamanda Subutai alitaka kuua kila mtu, maana desturi yao ilikuwa hivyo kwa mji uliopigana. Chucai akauliza: tumepigania ardhi na watu, tukibaki na ardhi bila watu itatufaa nini? Khan akakubali waadhibiwe wa ukoo wa kifalme peke yao. Vitabu vya Kichina vinaandika kwamba ndani ya mji ule walikuwamo watu 1,470,000.

Sikwambii kwamba alishinda kila mara. Ögedei alikuwa mlevi. Chucai akamletea mdomo wa chuma wa pipa la mvinyo, umelika, akamwonyesha: ikiwa chuma kinakuwa hivi, je matumbo? Khan akapunguza, kisha akarudia. Akaja mfanyabiashara Abd al-Rahman, akaomba akodishiwe ukusanyaji wa kodi, yeye ataleta mara mbili, kutoka liang 1,100,000 hadi 2,200,000. Chucai alibisha mpaka machozi yakamtoka, na bado Khan akampa yule tajiri. Wa kulipa ni nani? Mkulima yule yule.

Khan alipofariki mwaka 1241, mjane wake Töregene akashika hatamu, akaamuru karani atakayekataa kuandika anachotaka Abd al-Rahman akatwe mkono. Chucai akasema mambo ya nchi alikabidhiwa yeye, makarani hawahusiki, na kwamba kifo hakikwepi, sembuse kukatwa mkono. Alikufa 1243. Maadui wakasema nusu ya kodi ya dola imo nyumbani kwake, watu wakatumwa kupekua. Walikuta vinanda vya nyuzi, kama kumi na kidogo hivi, michoro, na maandishi mengi. Basi.

Na hapo, somo, nikakumbuka arobaini ya baba. Wewe ulikuwa jikoni na vijana mnapakua wali. Yule mzee alifika na baiskeli, akaegemeza kwenye mwembe, akaomba maji. Kisha akafungua daftari lake juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye mstari wa baba: korosho kilo 64, malipo ya pili bado. Sisi tulikuwa hatujui hata kama baba alipeleka mzigo ule. Akazihesabu noti mbele ya Mama mara mbili, akanipa kalamu nitie sahihi. Nani angemuuliza kama angenyamaza?

Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka hivi. Walioiba waondoke, hilo sina neno. Lakini yule...

Haya, niambie. Umeshakaa naye, nyinyi wawili tu, bila kundi la ushindi kuwazunguka? Daftari liko kwake au mmeshalichukua? Funguo za ghala anazo nani sasa hivi? Huyo kijana unayetaka kumweka anajua madeni ya salfa ya msimu uliopita ni ya nani na nani, au ataanza kuuliza nyumba kwa nyumba? Wakulima waliompigia kura yule mwingine, wanaleta mizigo kwako au wanaogopa? Na Bibi mguu wake unaendeleaje? Fundi wetu amerudi Newala au bado yuko huko huko?

Barua nampa dereva wa basi la alfajiri, yule anayekujua, kwa kuwa kwenye simu utanikatisha nisimalize. Isome yote, kisha nipigie Jumamosi jioni. Safari hii nitapokea.

Somo yako